Majibu Safi, Mtu Mgonjwa

Karatasi ya hemogramu, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, ina namba nyingi, na kila mtu ana yake anayoitafuta. Mgonjwa hutafuta kiwango cha damu. Daktari hutafuta chembe nyeupe. Mimi, kwa kukaa miaka mingi nyuma ya ile mashine hapa Mombasa, jicho langu hukimbilia ukubwa wa chembe nyekundu, ule unaoandikwa MCV. Vitabu vinasema uwe kati ya 80 na 100. Kwetu pwani hutoka 72, 70, hata 66, na mwenyewe amekuja kwa miguu yake kutoka Majengo, hana homa wala kizunguzungu, shida yake ni cheti cha mwajiri tu. Daktari aliyehamishwa majuzi kutoka bara akiiona namba hiyo huandika upungufu wa madini ya chuma. Mgonjwa hununua vidonge, huvimeza mpaka choo kinakuwa cheusi, akirudi namba iko pale pale.

Mara nyingi chanzo ni thalasemia ya alfa. Kila mtu hurithi jeni nne za kutengeneza sehemu ya alfa ya himoglobini, protini inayoipa damu wekundu wake, mbili kwa baba na mbili kwa mama. Zile mbili za upande mmoja, HBA1 na HBA2, zimekaa jirani kwenye kromosomu ya 16 na zinafanana karibu herufi kwa herufi (DNA huandikwa kwa herufi nne, A, C, G na T). Mfanano huo ndio unaoziponza: vizazi vya nyuma huko, DNA ilipokuwa inajipanga upya, kipande cha herufi kama 3,700 kilikatika katikati, jeni mbili zikabaki moja. Katika watoto waliochunguzwa Kilifi, zaidi ya nusu wana angalau upande mmoja uliokatika hivyo. Si ugonjwa wa kumlaza mtu kitandani, na malaria kali humpungukia. Mwaka 2005 Tom Williams na wenzake wa Kilifi walionyesha jambo la ajabu zaidi: mwenye thalasemia ya alfa ana kinga, mwenye jeni moja ya selimundu ana kinga, lakini aliyezipata zote mbili kinga karibu yote humponyoka.

Nimeanza na hili kwa sababu linaonyesha tofauti ambayo watu wengi hawaelezwi, na ndiyo inayoupa maana usomaji mrefu, yaani kusoma DNA kwa vipande virefu. Selimundu ni herufi moja tu iliyobadilika, A ikawa T. Thalasemia yetu ni kipande kizima kilichotoweka. Mashine za kusoma DNA zilizotawala dunia kwa karibu miaka 20, hasa za Illumina, hukata DNA vipande vidogo na kusoma herufi kama 150 kwa kila kipande, kisha kompyuta inavipanga kwa kuvilinganisha na jenomu ya mfano, yaani DNA nzima ya binadamu iliyokwisha kuandikwa. Kwa herufi moja iliyobadilika, hakuna kipimo bora. Lakini ukiwa na kipande cha herufi 150 kilichotoka kwenye jeni mbili zinazofanana kama pacha, utajuaje ni cha HBA1 au HBA2? Kompyuta nayo haijui, hubahatisha au hukitupa. Kilifi waliijua thalasemia hii kwa PCR, kipimo cha kunakili kijisehemu cha DNA, iliyotengenezwa maalumu kwa pengo hilo, na kipimo cha namna hiyo hupata kile tu ulichokwenda kukitafuta.

Dantu ni kisa cha aina hiyo hiyo. Ni kundi la damu ambalo duniani ni nadra, lakini Kilifi wenye nalo ni wengi. Jeni mbili za kromosomu ya 4, GYPA na GYPB, zilivunjika zikaungana vibaya, na jeni hiyo chotara ikajinakili. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba mpangilio huo hupunguza hatari ya malaria kali kwa takriban asilimia 40. Mwaka 2020 Silvia Kariuki na wenzake, wakitumia damu za watu wa Kilifi, wakaonyesha sababu: ngozi ya chembe nyekundu ya mwenye Dantu imekaza zaidi, kimelea kinashindwa kupenya. Hilo nalo ni suala la vipande vilivyohama na kurudiwa, si herufi iliyokosewa. Damu yetu wapwani imejaa mambo ya aina hii, na kwa miaka mingi tumepimwa kwa macho yaliyozoea kutafuta herufi moja moja.

Lakini kilichonifanya nianze kuyasoma haya usiku, baada ya kazi, ni Ami Salim, ndugu yake baba.

Ami alikuwa mshonaji wa kofia za vito, Mji wa Kale, kazi ya sindano nyembamba na subira ndefu. Kikohozi alikuwa nacho tangu mimi niko shule: kikavu, hakina makohozi, kinamkamata akila au akicheka. Kila daktari mpya alimpeleka kupima kifua kikuu, na kila mara akaambiwa hana. Baadaye vidole vikaanza kufa ganzi na sindano ikawa inamponyoka. Kisha miguu. Mchana unaweza kutembea naye usigundue kitu, ila umeme ukikatika, kwenye kile kichochoro cha kwao, huenda ameshika ukuta kwa mikono miwili. Mtaani walishaanza kunong'ona. Mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, anarudi Isha anayumba, watu wa baraza watasema nini zaidi ya kwamba ameanza kunywa?

Mimi nilishtuka msikitini. Tulikuwa bombani tunatia udhu wa alasiri. Alipofumba macho kuosha uso, akaenda upande moja kwa moja, kama si kumdaka kwa kanzu angepasua kichwa kwenye ukingo wa birika. Hakusema neno. Akaendelea na udhu, mkono mmoja ameshika bomba. Nilipokuja kusoma nikakuta madaktari wa neva huwauliza wagonjwa swali hilo hilo: je, ukiosha uso unaanguka? Mtu husimama wima kwa msaada wa vitu vitatu, macho, sikio la ndani na neva za nyayoni. Ami viwili vimemwacha, amebaki na macho, na akiyafumba hana cha kumshika.

Tulipima sukari, kaswende, vitamini B12, tezi ya shingo. Picha ya MRI ilionyesha ubongo mdogo wa nyuma umesinyaa kidogo. Daktari wa neva, Nairobi, akapendekeza kipimo cha jeni za ataksia, yaani magonjwa ya kukosa mizani. Tukachanga, damu ikapelekwa ng'ambo, majibu yakarudi baada ya wiki nyingi: hakuna badiliko la kuleta ugonjwa lililoonekana katika jeni zilizosomwa. Familia ilifurahi. Shangazi alipika pilau. Ami hakula sana, akanisogelea akaniuliza, "Sasa mwanangu, ikiwa hawakuona kitu, haya maguu ni ya nani?"

Nilichukua ile ripoti nikaisoma mpaka mwisho, kule kwenye herufi ndogo ambako mgonjwa hafiki. Sentensi moja ilisema kwamba kipimo hicho hakigundui marudio yaliyorefuka, wala mabadiliko makubwa ya mpangilio. Hapo ndipo ilipo hoja yangu yote. Majibu yalikuwa safi kwa sababu ya alivyosomwa, siyo kwa sababu ya alivyo.

Marudio ni nini? Kuna sehemu za DNA ambazo neno fupi hujirudia: CAG CAG CAG, au GAA GAA GAA. Wote tunazo. Shida huanza yanapozidi. Ugonjwa wa Huntington, ambao jeni yake ilipatikana mwaka 1993, hutokea CAG zikifika 40 na kuendelea. Katika ugonjwa wa X dhaifu, unaodumaza akili za watoto, hasa wa kiume, CGG huvuka 200. Na mwaka 2019 ilitangazwa kwamba watu wenye ataksia, ganzi na kizunguzungu kwa pamoja, wengi wao wakiwa na kikohozi kikavu cha miaka mingi, wana marudio ya AAGGG ndani ya jeni iitwayo RFC1, mara 400 hadi 2,000, tena kwenye nakala zote mbili, ya baba na ya mama. Kawaida pale huwa na AAAAG kumi na moja hivi. Niliposoma orodha hiyo ya dalili ilibidi niweke simu chini kwanza.

Sasa fikiria umepewa picha za tasbihi, kila picha inaonyesha punje tano tu, punje zote sawa, halafu uulizwe tasbihi hiyo ni ya 33 au ya 99. Hata ukipewa picha elfu huwezi kujibu. Utajibu siku utakayoonyeshwa uzi mzima, kuanzia fundo hadi fundo. Marudio 1,000 ya AAGGG ni herufi 5,000. Kipande cha herufi 150 kinazama humo hakioni mwanzo wala mwisho. Kipande cha herufi 15,000 kinaanza kabla ya marudio, kinayapita yote, kinatokea upande wa pili, na njiani kinakwambia kama ni AAGGG yenye madhara au AAAAG ndefu ambayo haimdhuru mtu. Tofauti hiyo ya herufi ndiyo inayoamua nani mgonjwa na nani si mgonjwa.

Kampuni mbili ndizo zilizoufikisha usomaji mrefu hapa ulipo. PacBio ya Marekani hufunga kipande cha DNA kikawa duara, kimeng'enya kikakizunguka mara nyingi ndani ya kishimo kidogo mno, na kila herufi inapoongezwa hutoa mmuliko wa rangi yake. Kwa kuwa duara moja limesomwa mara nyingi, makosa hufutana. Unapata vipande vya herufi 15,000 hadi 20,000 kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 99.9. Oxford Nanopore ya Uingereza wana njia nyingine kabisa, na kwa mtu wa maabara ndiyo inayochekesha kwa urahisi wake. Kuna utando, ndani yake kuna protini yenye tundu, na umeme unapita kwenye tundu. Uzi wa DNA ukivutwa humo, herufi zinazopita huuziba umeme kwa viwango tofauti, na kompyuta inausoma mtetemo huo kuwa herufi, kama 400 kwa sekunde. Hakuna kunakili wala rangi, uzi wenyewe ndio unaosomwa, pamoja na alama za methili ambazo mwili huzibandika kwenye DNA ili kuzima jeni. Kipande kikiwa kirefu, kitasomwa kirefu; wapo waliosoma kipande kimoja cha herufi zaidi ya milioni 2.

Mwanzoni kifaa cha Nanopore kilikosea sana. Kifaa cha MinION kilipoanza kugawiwa watafiti mwaka 2014, kinakaa kiganjani na kuchomekwa kwenye kompyuta ya mkononi, wataalamu wengi wa hospitali walikidharau, na walikuwa na haki, kwani huwezi kumtangazia mtu ugonjwa kwa mashine inayokosea herufi moja au zaidi katika kila kumi. Kemia na programu zimebadilika tangu hapo. Mwaka 2022 jarida la Nature Methods liliuita usomaji mrefu njia ya mwaka.

Na mwaka huo ulistahili. Tumezoea kusikia kwamba jenomu ya binadamu ilimalizwa mwaka 2003. Haikumalizwa. Asilimia kama 8 ilibaki wazi, zile sehemu zilizojaa marudio, katikati ya kromosomu na kwenye ncha zake. Kundi la watafiti lililoongozwa na Karen Miga na Adam Phillippy ndilo lililoziba mapengo, kwa kuunganisha vipande virefu vya kampuni zote mbili, na kutangaza mwaka 2022 jenomu ya kwanza kamili, yenye karibu herufi milioni 200 ambazo hazikuwamo kwenye ile ya zamani. DNA waliyotumia ilitoka kwenye mimba zabibu, ambayo nakala zake zote mbili ni moja, ili wasichanganyikiwe na ya baba na ya mama. Kromosomu Y ilifuata mwaka 2023.

Mwaka huo huo wa 2022, Euan Ashley na wenzake wa Stanford walitangaza walichofanya kwa wagonjwa 12 mahututi: walisoma jenomu nzima kwa mashine za nanopori zikifanya kazi nyingi kwa pamoja, wakapata ugonjwa kwa watano, na wa haraka zaidi alipata jibu baada ya saa 7 na dakika 18. Saa saba! Nimewahi kusubiri kwa muda mrefu zaidi ya huo friji ya vitendanishi ipone.

Kilichonigusa zaidi hakikupata vichwa vya habari. Ni kazi ya watu wa taasisi ya utafiti ya Garvan, Sydney, ya mwaka huo huo wa 2022. Kifaa cha nanopori kina uwezo wa kukataa: kikianza kusoma uzi kikaona si wa sehemu inayotakiwa, hugeuza umeme na kuutema, kikasubiri mwingine. Waliipa mashine orodha ya jeni zote zinazojulikana kuleta magonjwa ya marudio, RFC1 ikiwemo, zikasomwa zote kwa kipimo kimoja. Kabla ya hapo, kila ugonjwa wa marudio ulikuwa na kipimo chake, cha siku kadhaa, na daktari alilazimika kukisia aanze na upi. Mgonjwa wa ataksia angeweza kuzeeka akipimwa kimoja kimoja.

Kwa magonjwa ya kuambukiza, huku kwetu tumekwisha kuonja. Kilifi, kilomita kama 60 kutoka hapa, watafiti wa KEMRI na Wellcome walisoma virusi vya korona vya pwani nzima mwaka 2020 kwa mashine hizi hizi za nanopori, wakafuatilia vilivyoingia na vilivyosambaa. Niseme ukweli wa kiufundi: huo haukuwa usomaji mrefu, virusi vilinakiliwa kwanza vipande vya herufi kama 400. Ulichotupatia ni mashine iliyo karibu na watu wanaoijua. Kwa malaria urefu wenyewe ulisaidia: mwaka 2018 vimelea vya sehemu mbalimbali, kimoja kikiwa cha Kenya, vilisomwa kwa vipande virefu ili zile jeni za var zipatazo 60, ambazo kimelea huzibadilisha kama nguo ili kinga isikitambue, zipangike. Kwa kifua kikuu sugu, kipimo tulichokizoea cha GeneXpert hutazama kijisehemu cha herufi 81 cha jeni moja, na WHO sasa imeidhinisha vipimo vya kusoma jeni nyingi kwa pamoja, kimojawapo cha nanopori. Na watu wa maabara wanaijua habari ya HRP2: vipimo vingi vya haraka vya malaria hutafuta protini hiyo, na kimelea kilichopoteza jeni yake hakionekani. Eritrea iliwabidi wabadilishe vipimo mwaka 2016 kwa sababu wagonjwa wa malaria walikuwa wanaambiwa hawana. Kisa ni kile kile cha Ami.

Tulipokuwa tunayajadili haya kazini, mwenzangu mmoja akauliza mbona wasisome kwa njia hii ile mifupa ya Waswahili wa kale wa Mtwapa na Manda, iliyozua mjadala mwaka 2023 kwa kuonyesha mama wa Kiafrika na baba wa Kiajemi. Haiwezekani. DNA ya mfu wa karne nyingi kwenye ardhi yetu ya joto imekatikakatika vipande vifupi vifupi, tundu la nanopori halina cha kuvuta. Huko Illumina bado ni mfalme. Usomaji mrefu ni wa walio hai.

Tena unataka damu iliyotunzwa. Hapa ndipo kazi yetu ya kila siku inapoingia, na sioni watu wakiliandika. Sisi tumefundishwa kutikisa. Unachukua chupa ya kifuniko cha zambarau, unaigeuzageuza, boda boda inaileta kutoka Likoni imerukaruka matuta yote, unaizungusha kwenye sentrifuji, unavuta kwa pipeti nyembamba, unagandisha Ijumaa, unayeyusha Jumatatu. Kwa hemogramu na PCR nyingi hakuna neno. Kwa usomaji mrefu umekwisha kuua kipimo kabla hakijaanza, maana kila mtikiso unakata nyuzi, na uzi uliokatika haurudi kuwa mrefu hata ukiusoma kwa mashine ya mamilioni. Waliobobea hutumia ncha za pipeti zenye mdomo mpana, huvuta polepole kama mtu anayemimina asali, na hawatikisi kabisa. Mashine ya bei ya juu pasipo mtu wa namna hiyo ni pambo.

Bei nayo. Kifaa kidogo kilitangazwa zamani kwa dola 1,000 hivi, na wauzaji huishia hapo. Vile visahani vyenye matundu, vinavyotumika na kuchakaa, huuzwa mamia ya dola kimoja kimoja, vinataka friji ya nyuzi 2 hadi 8, na havikai muda mrefu. Jenomu nzima ya mtu haitoshi kwenye kifaa cha kiganjani, inataka mashine kubwa na kompyuta yenye nguvu. Mzigo ukizuiwa forodhani wiki mbili kwenye joto, umenunua plastiki. Kwa hiyo sitaki kumdanganya mtu kwamba kesho hospitali ya Makadara itakuwa nayo kila wodi. Ninachosema ni kwamba maabara moja ya pwani yenye orodha ya jeni kama ile ya Sydney, kwa wagonjwa wa neva na wa damu tu, si ndoto. Mashine na vijana wanaoziendesha wapo tayari umbali wa saa moja na nusu kwa matatu.

Kuna pengo jingine ambalo pesa peke yake haizibi. Ukimsoma mtu, unamlinganisha na nani? Jenomu ya mfano tuliyoitumia miaka yote, karibu asilimia 70 yake ilitoka kwa mtu mmoja aliyejitolea Buffalo, New York. Mradi wa jenomu 1,000 uliomalizika mwaka 2015 uliwasoma watu 2,504 wa jamii 26. Waluhya wa Webuye wamo, Wamijikenda na Waswahili hawamo. Mwaka 2023 ilitoka rasimu ya jenomu ya wengi, watu 47 waliosomwa kwa vipande virefu, na wenye asili ya Afrika ni wengi humo. Ni hatua. Lakini yule Mgiriama mwenye mpangilio usiowahi kuandikwa popote, maabara ya ng'ambo itamwandikia kwamba maana yake haijulikani, kumbe labda nusu ya Kaloleni wanao na wako salama. Mpaka wazee wazima wa huku wasomwe, majibu ya wagonjwa wa huku yataendelea kuwa na alama ya kuuliza.

Turudi kwa Ami. Tumepata chuo kimoja ng'ambo kinachopokea sampuli za ataksia kwa utafiti, kupitia daktari wake. Kuna fomu za kibali cha maadili, mkataba wa kuhamisha sampuli, na ridhaa yake mwenyewe, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za jeni kuwa nyeti. Nilikaa naye barazani nikamsomea ukurasa kwa ukurasa.

"Na wakiuona, watanipa dawa?"

"Hapana, Ami. Dawa ya kuuondoa haijapatikana. Watajua cha kukufundisha ili usianguke, na hutapimwa tena kifua kikuu."

"Na watoto?"

Hapo ndipo Rehema, binti yake mkubwa, aliponyanyua kichwa kwenye simu. Rehema ameposwa na mtoto wa shangazi yetu. Kwetu si jambo la ajabu, wala sina la kusema dhidi yake. Ila hesabu ni hii. Ikiwa ni RFC1, Ami ana nakala mbili mbovu, basi Rehema ana moja, hakuna njia ya kuikwepa, na moja haimdhuru. Ikiwa babu na bibi walikuwa wabebaji tu, huyo binamu ana nusu ya uwezekano wa kuwa na yake, kama mimi tu. Watoto wao watakuwa na uwezekano wa mmoja kati ya wanane wa kuja kuyumba wakifika umri wa Ami. Lakini kuna jeni nyingine, FGF14, iliyotangazwa mwishoni mwa mwaka 2022 na mwanzoni mwa 2023, marudio ya GAA, nayo huleta ataksia ya ukubwani. Hiyo nakala moja inatosha. Ikiwa ndiyo, habari ya binamu haina uzito tena. Rehema mwenyewe ana nusu ya uwezekano wa kuirithi, aolewe na nani asiolewe na nani.

Jeni zote mbili hazikuweza kuonekana kwenye kile kipimo tulichochangia. Nilimweleza Rehema yote mawili, akaniuliza kama mchumba wake apimwe sasa hivi. Nikamwambia damu ya baba yake kwanza, maana bila jibu lake hatujui hata tumpime huyo kijana kitu gani. Nitaitoa mwenyewe Jumanne asubuhi, haitapanda boda boda, na haitagandishwa. Harusi imepangwa Mfunguo Tatu. Daktari amesema majibu yakiwahi sana ni miezi mitatu.